Jino Likinyamaza Halijapona

Tarehe 11 Januari 2007 mtoto wa miaka 12, Deamonte Driver, alirudi nyumbani kutoka shuleni akisema kichwa kinamuuma. Hakutaka hata chakula. Ilikuwa katika jimbo la Maryland nchini Marekani, jirani kabisa na jiji la Washington. Bibi yake alimpeleka hospitali, akapewa dawa ya kichwa, ya sainasi na ya jipu la jino, wakarudi nyumbani. Kesho yake hali ilizidi kuwa mbaya. Hatimaye alikimbizwa hospitali ya watoto mjini Washington, na madaktari wakamfanyia upasuaji wa dharura wa kichwa. Bakteria walikuwa wametoka kwenye jino lililooza na kufika kwenye ubongo.

Alianza kupata degedege. Akafanyiwa upasuaji wa pili, na jino lile likang'olewa. Wiki zilizofuata alionekana kupata nafuu polepole. Alikuwa akifanya hesabu zake, ndugu zake na walimu wakija kumjulia hali. Jumamosi ya mwisho alikataa kula, ila uso ulikuwa mchangamfu. Alicheza karata na mama yake, kisha wakajilaza pamoja kwenye kitanda cha hospitali wakitazama televisheni. Mama alipokwisha kuondoka jioni ile, mtoto alimpigia simu kumkumbusha kusali kabla ya kulala. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 25 Februari, alikutwa haitikii. Hakupona.

Gazeti la The Washington Post, lililoandika habari zake, lilieleza kwamba kung'oa jino la namna ile kungegharimu dola 80. Gharama za hospitali zingeweza kupita dola 250,000.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu watu wengi wanatembea na jino kama lile hivi sasa. Pengine mmojawao ni wewe. Umeshaonwa na daktari, umepigwa eksirei, umeambiwa jino linaweza kuokolewa kwa kusafisha mizizi na kuiziba. Ukapewa tarehe ya mbele, au ukaambiwa bei ukaanza kukusanya fedha. Hicho kipindi cha kungoja ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu ndicho tunachokichukulia kirahisi, mimi nawe.

Tuangalie dalili zilivyopita kwa Deamonte. Mama yake hakuwa mzembe hata kidogo. Wakati ule alikuwa akihangaika kutafuta daktari wa meno, lakini kwa ajili ya mdogo wake Deamonte, ambaye alikuwa na meno sita yaliyooza na ndiye aliyekuwa akilalamika. Deamonte mwenyewe hakuwa analia jino. Mzazi gani asingekimbia na yule anayelia? Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo. Juu ya hayo, familia ilikuwa imepitia kipindi cha kukosa makazi, na bima ya serikali ya watoto ikakatika. Inawezekana fomu za kuihuisha zilitumwa mahali walipokuwa wameshahama. Kwa hiyo dalili ya kwanza haikuwa jino kuuma. Ilikuwa kichwa kuuma na chakula kukataliwa. Ya pili ni kwamba jipu la jino lilitajwa hospitalini siku ile ile, likapewa dawa, lakini jino lenyewe likabaki mdomoni na uchafu wake.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Jino lina moyo wake ndani, wenye damu na mishipa ya fahamu. Tundu likifika huko, bakteria huingia, moyo wa jino huvimba, na hayo ndiyo maumivu yanayomfanya mtu azunguke chumbani usiku kucha. Baadaye moyo ule hufa. Maumivu yanakatika ghafla, mtu anamshukuru Mungu, na miadi ya daktari inasahaulika. Kumbe kilichokufa ni mshipa wa fahamu tu. Bakteria wako pale pale, wanashuka kupitia mzizi, na usaha unajikusanya kwenye mfupa wa taya. Wakati mwingine usaha hupata njia, kikatokea kijipu kidogo kwenye fizi, kikapasuka, mdomo ukawa na ladha ya chumvichumvi na harufu mbaya. Hapo pia mtu hupata nafuu, na nafuu hiyo ni ya uongo.

Antibayotiki nazo zina mpaka wake. Dawa husafiri ndani ya damu, na jino lililokufa halipitishi damu. Vidonge vinaweza kuzuia maambukizi yasisambae kwenye mwili, lakini haviwezi kuingia kusafisha kilichooza ndani ya jino. Kazi hiyo ni ya mkono wa daktari: ama alifungue jino atoe usaha, au aling'oe. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anakwenda duka la dawa kila mwezi kununua amoksilini ya siku mbili tatu kwa jino lile lile. Anapumua wiki moja, uvimbe unarudi, na bakteria waliobaki wanazidi kuizoea dawa.

Ukiwa unangoja tarehe yako, mwambie daktari au mpokeaji wagonjwa waziwazi: nina jipu, shavu limeanza kuvimba. Usiseme tu kwamba jino linauma. Mara nyingi daktari anaweza kulifungua jino siku hiyo, akatoa usaha, akaweka dawa na kuliziba kwa muda, halafu kazi yote ya mizizi ikaja baadaye. Ikiwa fedha za kuokoa jino hazipatikani na hazionekani zitakakotoka, kubali ling'olewe. Najua inauma kupoteza gego ukiwa bado kijana. Lakini kungoja miezi sita na usaha kwenye taya ili uokoe jino ni hesabu mbaya.

Nyumbani, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, mara kadhaa kwa siku. Lala kichwa kikiwa juu kidogo, maana ukilala chali kabisa jino hupwita zaidi. Parasetamo inasaidia, lakini kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na ujue kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake. Ibuprofeni ni nzuri kwa uvimbe, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito asiinywe bila kumuuliza daktari, na mwenye pumu naye aulize kwanza. Ukiandikiwa antibayotiki, meza dozi kama ulivyoelekezwa, na kama ni metronidazo, kaa mbali na pombe.

Karafuu inapoza, hilo wazee wetu walilijua zamani. Hata hivyo, kinachopozwa ni maumivu, usaha haushuki, na mafuta yake yakimwagwa fizini bila kuchanganywa huunguza. Aspirini iliyobandikwa kwenye fizi nayo huunguza nyama. Usikande shavu kwa kitambaa cha moto. Usitoboe jipu kwa sindano au wembe.

Kuna dalili ambazo hazingoji tarehe ya mtu yeyote. Homa na kutetemeka. Shavu linalovimba kwa kasi, uvimbe ukipanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya na shingoni. Mdomo kugoma kufunguka. Kushindwa kumeza hata mate, yakawa yanachuruzika. Ulimi kuinuliwa juu, sauti kubadilika kama mtu mwenye kitu mdomoni, pumzi kuwa nzito. Uvimbe wa chini ya ulimi wa pande zote mbili ulielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na mpaka leo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Vilevile kichwa kuuma kupita kawaida, kutapika, kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye jino bovu. Mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu na mtoto mdogo wasingoje hata dalili ya pili.

Na kwa watoto, tafadhali, usisubiri walie. Mwambie mtoto aachame, mwangazie kwa tochi ya simu, angalia magego ya nyuma juu na chini. Tundu jeusi, fizi yenye kipele, harufu isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki, kutafuna upande mmoja tu: hayo yanatosha kumpeleka kwa daktari wa meno.

Huko Marekani kifo cha Deamonte kiliwaamsha wakubwa. Mwaka 2009 sheria ya bima ya afya ya watoto ilipohuishwa, matibabu ya meno yaliwekwa humo kama haki. Jimbo la Maryland lilirekebisha huduma zake za meno kwa watoto wa familia maskini. Ni jambo jema, ingawa limelipiwa kwa maisha ya mtoto.

Kama unasoma haya na shavu lako limevimba, au umeamka leo jino lililokusumbua wiki nzima limenyamaza lenyewe, nenda hospitali yenye kitengo cha meno asubuhi hii hii ukaonwe. Na ikiwa humezi au hupumui vizuri, usingoje hata asubuhi. Mwamshe mtu akupeleke kwenye kitengo cha dharura sasa.