Usiku Wao Pia



Nyumba nyingi ninazozitembelea siku hizi zina tangi la samaki sebuleni, na mengi yana taa ya LED ya buluu inayowaka hadi asubuhi. Wenyeji wangu huiita mbalamwezi ya samaki. Inapendeza, sikatai. Ila naomba wiki hii tujiulize: inawaka kwa ajili ya nani?

Samaki walio wengi hawana kope. Hawawezi kufumba macho. Aliyeshika swichi ndiye kope zao. Na samaki hulala kweli: rangi hufifia, hutulia karibu na mchanga au nyuma ya jiwe, mapezi yakicheza kidogo tu. Kichwani mwao mna kiungo kinachohisi mwanga, na giza likiingia hutoa homoni ya melatonini, kama inavyotokea katika miili yetu. Taa ikikesha, homoni hiyo hupungua.

Sura ya kwanza ya Mwanzo inasema giza lilipewa jina siku ya kwanza, na samaki wakaumbwa siku ya tano. Walipofika waliukuta usiku. Sisi tulikuja baada yao, siku ya sita, tukakabidhiwa mamlaka juu yao. Nayo amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, inawapumzisha hata ng'ombe na punda. Samaki hawakutajwa, pengine hakuna aliyewaza kwamba siku moja tungewafuga sebuleni.

Baadhi ya samaki wa mapambo wanaopendwa sana duniani, wale wa jamii ya sikilidi, asili yao ni Ziwa Tanganyika. Waulizeni wavuvi wa dagaa wa Kigoma. Usiku wa giza huwasha taa ili dagaa wasogee; mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti tena. Wanajua jinsi mwanga unavyomtawala samaki. Wanajua pia kwamba mwezi hukua, hupungua, na kuna usiku hauonekani kabisa. Taa isiyozimwa haiigi mwezi wowote. Hata ile buluu ni ya macho yetu, maana nuru ya mwezi ni ya jua iliyoakisiwa, na ina wekundu kidogo kuliko ya jua lenyewe.

Anayetaka taa ya usiku basi achague dhaifu kuliko anavyodhani. Mwanga wa mwezi mpevu hauzidi sana laksi 0.3, ilhali sebule yenye taa hupata makumi ya laksi, hata mia. Utepe wa LED wa volti 12 kwa kawaida hukatwa kila baada ya vitaa vitatu. Kipande kimoja cha vitaa vitatu chatosha kwa tangi la kawaida, na bado kitahitaji kupunguzwa. Ukinunua swichi ya kufifisha mwanga, elekeza kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari inayotembea, jua taa inawaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Tafuta nyingine. Ukikosa, inua taa juu zaidi au uizibe kwa karatasi nyeupe, tabaka kwa tabaka.

Lakini usipime ukitoka tu kwenye mwanga wa televisheni. Macho yaliyozoea mwanga mkali huona kila taa hafifu kuwa haitoshi, na mkono huongeza. Zima taa zote, keti gizani dakika 20 hivi, ndipo uamue. Nimeona watu wakishangaa jinsi kile walichokiita kidogo kilivyokuwa kingi. Katika uongozi wa nyumba pia tunapenda kupima mahitaji ya walio chini yetu tukiwa tumekaa penye mwanga wetu.

Taa kubwa ya mchana iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, kwa taima. Isizimwe ghafla, maana samaki hushtuka wakajigonga kwenye kioo. Ipungue taratibu kwa nusu saa, au taa ya sebule ibaki ikiwaka kidogo baada yake. Ile ndogo iwake kwa muda wa saa moja au mbili mnapoketi kwa sala ya jioni, kisha nayo izimwe. Mtoto akiogopa giza, taa yake iwekwe koridoni, chini karibu na sakafu, mahali ambapo mwanga hauangukii kioo cha tangi.