Twahara na Haki ya Aliye Chini ya Mto

Je, mtu ametakata ikiwa uchafu uliomtoka umemfikia mwenzake? Swali hili ni la dini na maadili, na kule Uvira, mji wa Kivu ya Kusini nchini Kongo uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, ni la kila siku. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hushuka milimani, hupita kwenye makazi na kumwagikia ziwani. Mji hauna mfumo wa mabomba ya majitaka, na mvua kubwa hukokota kinyesi cha vyoo vya shimo. Mabomba ya Regideso, shirika la maji, yakikauka, wengi huchota mtoni na ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika siku zinazofuata, wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu huongezeka.

Dini zinazofuatwa mwambaoni zina jibu. Katika Uislamu, maji yaliyobadilishwa rangi, ladha au harufu na najisi hayafai kwa udhu, na Mtume alikataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Katazo hilo linamlinda anayekuja baadaye. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 23 inawaagiza walio kambini kufukia kinyesi chao; Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanaokunywa maji safi kisha kuyavuruga kwa miguu, wenzao wabaki na yaliyochafuka. Katika dini zote mbili, usafi ni deni kwa mwingine.

Wapo wanaotoa udhuru wa ukubwa: ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 litadhurikaje na mitaro ya mji mmoja? Lakini uchafu hujikusanya kwanza ufuoni, hapo hapo watu wanapochota, wanapofua na wanapobatizwa. Tena, mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie; maji mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Mchafuaji na mchotaji wanakunywa kutoka chombo kimoja.

Hata hivyo, mwenye nyumba maskini hawezi kujenga mtambo wa kutibu majitaka. Hapa fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ina fundisho la fardhi kifaya: wajibu wa jamii nzima, ambao wakiutimiza baadhi, wengine husalimika, na usipotimizwa, wote wenye uwezo hupata dhambi. Kutibu majitaka ni wajibu wa namna hiyo. Katika mabwawa ya kutibia, tope hutuama, bakteria huvunjavunja uchafu, na jua huua vijidudu. Bujumbura ina mabwawa hayo huko Buterere, ingawa yanahudumia sehemu tu ya mji. Mwaka 1978, Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kwamba majitaka yaliyosafishwa kikamilifu yanaweza kutumika hata kwa udhu. Kilichonajisika, basi, kinaweza kurudishiwa twahara.

Wajibu huo una ngazi. Kaya haijisaidii mtoni na hufunika choo chake. Mji hukusanya kinyesi na kukitibu. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilizotia saini mkataba wa kulilinda ziwa mwaka 2003, zinadaiwa kuutekeleza. Kila ngazi hudaiwa kwa kadiri ya uwezo wake, na uzembe wa ngazi moja hauzisamehe nyingine.