Mchezaji Akihama, Tumpime kwa Mizani Gani?

Jumapili moja baada ya Misa, hapa kwetu Kasha, tulikuta watu wamesimama kando ya njia wakibishana kwa sauti kubwa. Mpita njia angedhani wanagombania mpaka wa shamba. Kumbe habari yao ilikuwa kijana mmoja, mwanafunzi, hodari wa mpira wa kikapu, mchezo ambao vijana wetu huuita basketi. Kijana yule alikuwa ameacha timu ya mtaani kwetu na kwenda kucheza katika timu ya upande wa Ibanda. Mzee mmoja alisema: "Huyu ni msaliti. Viatu vyake vya kwanza tulimchangia sisi." Mama mmoja akamjibu: "Mzee, mwache mtoto atafute maisha yake." Wa tatu, kijana, akasema: "Waende naye tu. Msimu huu hakufunga kitu, hana faida." Nasi, tuseme kweli, tulicheka pamoja nao, tukatia neno letu, tukaenda zetu.

Lakini njiani maneno yale yalitusumbua. Watu wale watatu walidhani wanabishana juu ya jambo moja, kumbe kila mmoja alikuwa na swali lake. Mzee aliuliza: Ana deni gani kwetu? Mama aliuliza: Yeye mwenyewe anahitaji nini? Kijana aliuliza: Anafaa nini? Maswali yote matatu ni ya haki. Ubaya ni kuchukua jibu la swali moja na kulifanya hukumu juu ya mtu mzima. Basi yafaa tuyatazame moja moja. Na ili tusimseme tena mtoto wa jirani, tutatumia mfano wa Mkongo mwenzetu ambaye habari zake zinajulikana na wengi.

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda. Mpira wa kikapu ulimjia baadaye. Akaenda Marekani kusoma, akamaliza sekondari katika shule ya Kikatoliki iitwayo Kennedy Catholic, katika jimbo la Pennsylvania, na mwaka 2019 timu ya shule hiyo ikawa bingwa wa jimbo. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha West Virginia. Mwaka wake wa kwanza pale alipata, kwa wastani, pointi 11 katika kila mchezo, na mipira ya kurudi 9. Msomaji asiyeujua mchezo huu aelewe hivi: mtu akirusha mpira ukakosa kikapu, hugonga chuma au ubao ukarudi, hapo wote huurukia, na yule anayeukamata huipatia timu yake nafasi nyingine. Ni kazi ya nguvu na uvumilivu, wala haina sifa nyingi, maana watazamaji humpigia makofi yule aliyefunga.

Mwaka wa pili mambo hayakwenda vizuri. Katika michezo 10 wastani wake ulishuka hata pointi 8 na nusu. Mwanzoni mwa Januari 2021, katikati ya msimu, aliiacha timu kwa sababu zake binafsi, akahamia Chuo Kikuu cha Kentucky. Na huko hakucheza mpaka msimu mwingine ulipoanza. Je, kama tungeulizwa siku zile, "Huyu anafaa nini?", tungejibuje? Wengi wetu tungesema kama yule kijana wa Kasha: hana faida. Lakini katika msimu wa 2021 na 2022 alipata wastani wa pointi 17 na mipira ya kurudi 15 kwa kila mchezo. Siku moja ya Desemba 2021 alikamata mipira 28 katika mchezo mmoja. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Naismith, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Tuzo hiyo ina jina la mwalimu James Naismith, aliyeubuni mchezo huu huko Springfield mwaka 1891, kwa kutundika vikapu vya matunda.

Je, mtu amegeuka mwingine kwa muda wa mwaka mmoja? Kidogo, ndiyo, kwa sababu kijana hukua. Lakini tazameni vizuri hesabu zenyewe. Kule West Virginia, mwaka ule wa kwanza, alicheza kama dakika 23 kati ya 40 za mchezo, tena pamoja na mchezaji mwingine mrefu aliyefanya kazi ileile chini ya kikapu. Kule Kentucky alicheza kama dakika 32, na kazi ile ikawa yake hasa. Ukigawanya mipira kwa dakika, utaona kwamba yule mkamataji hodari alikuwapo tangu mwanzo. Ndiyo maana wanaojua kupima wachezaji hawatazami jumla ya pointi peke yake. Wao huuliza: Ni lipi alilopewa na mahali, na ni lipi atakalolibeba popote aendapo? Kupata pointi nyingi hutegemea kwamba wenzako wanakupa mpira. Lakini bidii ya kuurukia mpira uliokoswa na mwingine, hiyo husafiri na mwenyewe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila hata chema huhitaji mtazamaji mwenye macho.

Wala tusidhani kwamba baada ya tuzo ile mizani ilitulia. Tshiebwe alibaki Kentucky msimu mmoja tena. Juni 2023, timu 30 za ligi kubwa ya kulipwa zilipochagua vijana wapya, yalitajwa majina 58, na lake halikuwamo. Baadaye timu ya Indiana Pacers ilimpa mkataba wa kugawa siku zake kati ya timu kubwa na timu ndogo iliyo chini yake. Na mwaka 2024 akapata mkataba wa namna hiyo kwa Utah Jazz. Mtu ni yule yule. Mwaka 2020 alionekana wa kawaida, mwaka 2022 akawa wa kwanza, mwaka 2023 akaachwa nje. Basi hesabu hutuonyesha alichofanya mtu mahali fulani, kwa kazi fulani, mbele ya mahitaji ya watu fulani. Ni ushahidi wa kweli, tusiudharau. Lakini ni ushahidi juu ya kazi, si hukumu juu ya mtu.

Sasa tuje kwenye swali la mzee wetu: Ana deni gani? Hatupendi kumdharau mzee yule. Mtoto aliyefundishwa bure, akanunuliwa viatu, akasindikizwa usiku baada ya mazoezi, hawezi kusema hana deni kwa mtu. Mcheza kwao hutunzwa, na aliyetunzwa hukumbuka. Lakini lazima tutofautishe ahadi na shukrani. Ahadi ina siku zake na masharti yake. Kijana aliyesema, "Nitacheza nanyi hata mwisho wa msimu," kisha akaondoka kabla ya mchezo wa mwisho, amevunja neno lake, na wenzake wana haki ya kulalamika. Shukrani ni jambo lingine. Hailipwi kwa kukaa mahali milele, bali kwa kukumbuka, kwa kusalimia, kwa kurudi siku moja kuwafundisha wadogo. Mtu anayedai shukrani kama vile deni la duka ameigeuza zawadi yake kuwa kamba. Hebu tujiulize: viatu vile tulimpa ili acheze, ama ili asiondoke?

Tunarudi kwa Tshiebwe. Kuondoka katikati ya msimu kuliwaachia wenzake pengo, na si ajabu kama waliumia. Hata hivyo timu ile ya West Virginia ilimaliza msimu kwa kushinda michezo 19 na kushindwa 10, na Kentucky, alikokuwa ameenda, ilishinda 9 tu na kushindwa 16. Mtu aweza kusema: "Basi hakukosa kitu, kwa kuwa waliobaki walishinda." Hapana. Haki ya kuondoka haipimwi kwa ushindi wa waliobaki, wala kwa tuzo ya aliyeondoka. Hupimwa kwa neno alilotoa na kwa sababu aliyokuwa nayo, na mambo hayo mawili mara nyingi yanajulikana na watu wachache tu. Ndiyo maana sisi tulio mbali, na hata sisi tulio kando ya njia ya Kasha, tungefanya vema kupunguza sauti.

Wengine husema kwamba uaminifu umekufa tangu sheria zilipolegezwa. Zamani mchezaji wa chuo aliyehama, katika mpira wa kikapu wa Marekani, alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Mwezi wa Aprili 2021 waliruhusu ahame mara moja bila adhabu hiyo, na mwaka 2024 wakaondoa kikomo cha mara ngapi. Tangu Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina lao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwagawia sehemu ya mapato. Je, haya ni mabaya? Tukumbuke kwamba walimu wa timu walikuwa wakihama tangu zamani bila kukaa mwaka, tena kwa mshahara mkubwa zaidi. Kumfunga kijana peke yake hakukuwa uaminifu. Kulikuwa kumwonea mnyonge. Lakini uhuru nao una hatari yake. Orodha ya wanaotaka kuhama imekuwa kama soko: mwaka huu hapa, mwaka ujao kule, masomo yanakatika, na si kila aliyeandika jina lake hupata mahali pa kwenda.

Hapo ndipo swali la yule mama linapokuwa kubwa kuliko yote: Yeye mwenyewe anahitaji nini? Timu inayompokea mgeni hupima urefu wake, mikono yake, mbio zake. Nani anauliza kama atamaliza masomo? Nani anauliza atakula kwa nani, na ataongea lugha yake na nani? Nani anauliza itakuwaje akivunjika goti? Wauza unga wote wanajua kwamba mizani ina vitanga viwili. Katika kitanga kimoja tunaweka kile atakachotupa mchezaji. Katika kile cha pili yatupasa kuweka deni letu kwake, maana tangu siku tunapomwita tunawiwa naye. Timu inayotazama kitanga cha kwanza peke yake haipimi, inanunua. Na mtu hanunuliwi.

Neno hili linawahusu wazazi wetu pia. Akija mtu mwenye maneno matamu, akasema mtoto wako ni mrefu, nitampeleka ng'ambo akacheze, usianze kwa kuuliza atalipwa ngapi. Uliza shule gani imeandika kwamba inampokea. Uliza nani atamtunza akiugua. Uliza nani atalipa tiketi ya kurudi kama mpira utakataa. Mwenye nia njema atajibu bila kukasirika. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Twamkumbuka pia Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024. Alifika mwaka 1987 katika chuo kikuu cha Georgetown, chuo cha Mapadri Wayezuiti huko Washington, akitamani kuwa daktari. Urefu wake wa mita 2 na sentimita 18 kila mtu aliuona bila shida. Hakuwa daktari. Lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa. Hospitali ile haikuwamo katika mizani ya mtu yeyote siku ile ya 1987. Wapimaji walipima urefu, nao hawakukosea; ila mtu aliyesimama mbele yao alikuwa mkubwa kuliko urefu wake.

Sasa tumalize habari ya kijana wetu, maana tusipoimaliza tutakuwa tumewafundisha wengine na kujisahau. Miezi michache baada ya ubishi ule aliumia goti. Timu aliyohamia ilitafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Na sisi wa Kasha? Wengine walisema, "Si tulimwambia?" Nasi hatukusema hivyo, lakini hatukwenda kumwona pia, na kunyamaza kwetu kulisema neno lile lile. Aliyekwenda ni yule mama, mara kwa mara, amebeba uji wa mtama na daftari za masomo alizoazima kwa wanafunzi wenzake.

Basi, wasomaji wapenzi, timu mbili zilimpima kijana yule, moja ilipompokea na moja ilipomwacha, na zote mbili zilitumia kitanga kimoja. Goti lake sasa linapona polepole. Jumapili hii, baada ya Misa, tunapanga kupita kwao. Tumechelewa, twajua.