Samaki Wangapi Wanatosha?

Msomaji, mtu awekaye nyumbani tangi la kioo lenye maji ya chumvi hujipa mamlaka juu ya viumbe wasioweza kujitetea. Samaki wa miambani, kama wale wavuliwao pwani ya Kenya na kuuzwa ng'ambo, wana rangi za kupendeza. Amwonaye mmoja hutamani kumi. Je, ni haki kuweka wangapi?

Wengine hupima kwa nafasi iliyobaki. Kipimo hicho hudanganya, kwani samaki mdogo hukua. Aidha, kila samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria waishio katika mawe na mchanga huigeuza, lakini kwa kadiri ya uwezo wao tu. Tena maji ya chumvi hushika oksijeni haba kuliko maji ya mto. Umeme ukizimika na pampu ikasimama, samaki wachache wataweza kungoja. Wengi watakosa pumzi.

Baharini, samaki aliyebanwa huhama. Tangini hana pa kwenda. Basi usiulize tangi litachukua wangapi siku ya neema, bali utaweza kuwahifadhi wangapi siku ya dhiki. Hao ndio haki yako. Waliozidi ni tamaa, na tamaa mbele, mauti nyuma.