Nani Alitangulia Hapa?

Msomaji kijana, ukifika Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, simama penye msingi wa nyumba unaochimbwa, utazame kuta za shimo. Juu huenda ukaona takataka za siku hizi: nailoni, vizibo vya chupa na misumari. Chini yake udongo waweza kugeuka rangi, ukawa mweusi wenye mkaa, au wa kijivu wenye majivu ya volkano, au tope laini lililoachwa na ziwa lilipokuwa pana zaidi.

Wataalamu husoma shimo kama hilo mfano wa kitabu. Tabaka la chini aghalabu ndilo la kale, mradi ardhi haijavurugwa. Mkaa husema hapa paliwaka moto. Samadi iliyoshikamana husema hapa palikuwa zizi. Chavua ya mimea, ikitazamwa kwa hadubini, husema hapa paliota nyasi au mazao. Lakini kitabu hiki husomwa mara moja tu, kwa kuwa kuchimba ni kuharibu. Kwa hiyo mchimbaji mwaminifu hupima na kuandika kila tabaka kabla ya kuliondoa.

Karibu na mji wa Nakuru kuna Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Mary Leakey alichimba huko katika miaka ya 1937 na 1938, akakuta makao na makaburi ya watu wa kale waliotumia zana za mawe. Yapo pia mashimo ya duara yaitwayo ya Sirikwa, ambayo wataalamu wa baadaye waliyatambua kuwa mazizi ya wafugaji wa zama za chuma. Kilima ni kimoja, na wenyeji wake ni wengi.

Sasa tujiulize: mwenye haki katika nchi ni yule aliyetangulia? Swali hili si la mchezo. Mwezi wa Januari 2008, watu waliuawa na kufukuzwa makwao katika Nakuru na Naivasha, na miongoni mwa maneno yaliyochochea ugomvi lilikuwamo hili: nani mwenyeji, na nani mgeni. Udongo haumpi yeyote ushahidi wa kujivunia. Kila anayesema, "Sisi ndio wa kwanza," chini ya miguu yake wamelala wengine, wala mifupa yao haikuandikwa kabila.

Pengine utasema: ikiwa sote ni wapitaji, basi dhuluma si kitu. La, hasha! Katika mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka nchi hii ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba. Kwamba wengine waliishi hapa kabla ya Wamasai hakukuifanya hamisho ile kuwa haki. Haki haipimwi kwa kina cha tabaka, bali kwa namna watu walivyotendeana.

Leo Kamere inakaliwa na watu waliotoka pande nyingi za Kenya, wengi wao wakifuata kazi katika mashamba ya maua. Nao wanaacha tabaka lao. Basi ukikutana na jirani yako huko, usimwulize babu yake alifika lini. Jiulize wewe unamtendea nini, maana hilo liko mikononi mwako.