Limau Shimoni

Bahari haifiki kwetu Meru ila katika pakiti ya chumvi. Jirani zetu wa Embu wana kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ndiko wanakosema walianzia. Mzee wa Kimeru ukimwuliza tulikotoka, huupa mgongo Mlima Kenya, akanyoosha fimbo kuelekea pwani na kutaja Mbwaa: kisiwa ambako wahenga wetu walitumikishwa na Nguuntune, watu wa nguo nyekundu.

Wapo wanahistoria wanaoielekeza Mbwaa kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Kisiwa hicho kilijua fahari. Tangu karne ya 9 kaskazi ilileta vyombo vyenye bidhaa za Ghuba, na kusi ikavirudisha vimesheheni pembe za ndovu na boriti. Baadaye ukasitawi mji wa Takwa, wenye ukuta, msikiti na kaburi la mnara la mwaka 1683. Watu wakahama, mibuyu ikaota. Hata leo watu wa Shela, upande wa Lamu, huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi lile.

Sisi hatuna hata jiwe moja la huko. Tuna mafumbo. Nguuntune, wasemavyo wazee, waliwapa watumwa wao majaribu yasiyowezekana, mojawapo likiwa kutoa tunda shimoni bila kulichoma wala kulichimbua.

Nyanya yangu hakunieleza jibu. Alichimba kishimo nyuma ya jiko, chembamba na kirefu, akadondosha limau, akanisukumia mtungi wa maji. Nikamimina. Udongo wetu mwekundu ukayanywa yote. Nikamimina tena, kimya. Nilitaka kuchukua kijiti, akanishika mkono. Mara ya tatu maji yalikaa, na limau likapanda taratibu mpaka ukingoni.

Nimekua nikidhani fumbo lile lilisifu werevu. Siku hizi naona lilikuwa likifundisha subira ya mtu asiye na nguvu: kuendelea kumimina huku ardhi ikimeza. Na maji ndiyo yaliyowafungia wahenga wetu kisiwani. Wangeweza kuyachukia tu. Wao wakayasoma tabia, wakayatumia, na mwishowe, chini ya kiongozi wao Koomenjwe, wakayavuka.

Nyanya alilipangusa limau kwa leso, akalipasua, akalinyunyizia chumvi. Nusu yake, nusu yangu.