Nasaha kwa Mume na Mke Wanaopanda Meli ya Kifahari Ziwani Kivu

Binti yangu, na wewe mkwe wangu, mmeniuliza kama watu wa kazi kama nyinyi, muuguzi na fundi umeme wa hapa Rubavu, wanaweza kukaa kwa raha katika meli ndogo ya kifahari, au watakaa roho juu mpaka washuke. Mnaweza. Ila raha hiyo huandaliwa nyumbani kabla ya kufunga begi, na yanayoiharibu nayajua vizuri. Kwa kuwa mimi ni shangazi, nitayasema bila kuzunguka.

Nianze na fedha, maana ndiyo huvuruga watu mapema kuliko yote. Tangu 2023 ziwa letu lina Kivu Queen uBuranga, meli ya kulala wageni yenye vyumba 10 tu. Usiku mmoja katika chombo cha namna hiyo unaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa shule ya msingi, hata baada ya serikali ya Rwanda kuupandisha mshahara huo mwaka 2022. Najua wanandoa hujipanga kwa miaka, wakitenga fungu lao la ikimina, yaani chama cha kuweka akiba, na wengine hulipiwa na watoto walioko Ulaya kwa heshima ya miaka yao ya ndoa. Yote hayo ni halali na wala hayana aibu. Nawakataza jambo moja tu: msikope. Mwenye kulala juu ya maji huku ada ya watoto ya Septemba haijulikani itatoka wapi, hata kitanda kiwe laini vipi, hatalala.

Pigeni simu kabla ya kulipa, muulize kama ipo bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa hoteli nyingi za ukanda huu huwa nayo bila kuitangaza. Ulizeni vinywaji vimo katika bei au vinalipiwa peke yake, matembezi ya visiwani yamo au hayamo, bakshishi hutolewa vipi. Kisha mkae nyumbani wawili, mkubaliane kiasi cha kutumia na nani atakishika. Nimeona mke na mume wakitazamana kwa macho ya hofu kila kinywaji kinapoletwa, kwa sababu hawakuuliza. Kuuliza si ujinga.

Jueni pia kwamba meli ndogo si kama zile za baharini zinazobeba maelfu, ambamo mtu akitaka hupotea. Hapa watu ishirini mtaonana asubuhi, mchana na jioni, na ukishuka ngazi utakutana na yule yule uliyemkwepa kwenye chai. Siku ya kwanza hilo linabana kifua. Lakini ndilo litakalowasaidia, maana kufikia kesho yake watu wameshajuana kwa majina, na mavazi hayaangaliwi tena. Salimieni mapema, nyinyi kwanza. Mkiulizwa mnafanya kazi gani, semeni kazi yenu kwa jina lake, bila kuipandisha cheo na bila kuiombea radhi. Muuguzi wa zamu ya usiku ana mengi ya kusimulia mezani, na daktari kutoka Ubelgiji akiwa mzima wa akili atamsikiliza.

Nguo msiazime. Kitenge safi kilichopigwa pasi na shati jeupe vinatosha kwa chakula cha jioni. Chukueni sweta, kwa sababu ziwa hili liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na upepo wa jioni una baridi hata kama mchana mlitoka jasho. Viatu viwe vya soli ya mpira, visiteleze kwenye sitaha.

Sasa niguse jambo ambalo vitabu vya adabu za mezani havilitaji. Kwa watu wa pwani hii, boti si starehe. Boti ni mzigo wa ndizi, ni safari ya Goma na Bukavu, ni kubanana. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaza kupita kiasi ilizama karibu na gati la Kituku, Goma, watu wakiwa ufukweni wanaitazama, na makumi ya abiria wakafa. Hapa mjini wapo waliokwenda kuzika upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo, mkwe wangu, mkeo akinyamaza ghafla meli inapong'oa nanga, usimcheke wala usimwambie mbele za watu kwamba anaogopa maji. Muombe mhudumu awaonyeshe jaketi za kuokolea zilipo na namna ya kuzivaa. Hiyo ni haki ya kila abiria, na nahodha mzuri hufurahi akiulizwa. Kivu haina mamba wala kiboko, lakini kina chake kinafika karibu mita 480. Asiyejua kuogelea aseme hajui.

Mezani msihangaike na wingi wa uma na visu. Anzeni na vya nje mkielekea ndani, na mkisahau, mtazameni mwenyeji wa meza au mwulizeni mhudumu kwa sauti ya kawaida. Kuna saa mtakayokuwa walimu nyinyi. Italetwa sahani ya sambaza waliokaangwa wakakauka, na ndimu na pilipili pembeni, na mtamwona mgeni anahangaika kumkata kichwa samaki mwenye urefu wa kidole kwa kisu cha nyama. Binti yangu, chukua mmoja kwa vidole, kamulia ndimu, mle mzima na kichwa chake, kisha umsogezee jirani yako sahani. Huna haja ya hotuba. Akiuliza, mwambie samaki hawa si wa asili ya Kivu, kwamba waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndio kitoweo cha nyumba nyingi za pande zote mbili za ziwa.

Jioni, kama si msimu ambao uvuvi umefungwa, mtawaona wavuvi wa sambaza wakitoka: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wanaume wanapiga kasia huku wakiimba. Wageni watakimbilia simu zao. Nyinyi muwapungie mkono kwanza. Wale wako kazini, kama mlivyo nyinyi Jumatatu. Mgeni asiyejua aelezwe kwa upole kwamba picha ya mtu wa karibu huombwa, na kwamba sarafu hairushwi kwenye mtumbwi.

Sasa wahudumu. Huenda anayewamiminia chai ni mtoto wa jirani, au kijana aliyewahi kusoma na mdogo wenu. Hapo ndipo watu wa kazi hujikwaa kuliko mahali pengine popote. Wapo wanaojifanya hawamjui, na huo ni utovu wa adabu usio na udhuru. Wapo wanaomwita pembeni wamwombe bia ya bure kwa udugu, wakasahau kwamba anaweza kufukuzwa. Na wapo, hasa sisi wanawake tuliozoea kupakua, wanaosimama kukusanya sahani kwa sababu wanaona haya kuhudumiwa. Kaa, mwanangu. Ile ni kazi yake, naye anaijua. Ukimnyang'anya sahani mbele ya bosi wake unamtia mashakani. Mwite kwa jina, mwulize habari za mama yake akiwa na nafasi, mshukuru kila mara. Bakshishi toeni kadiri mlivyopanga nyumbani, na msishindane na mwenye dola.

Yako maumivu mengine ambayo huenda yakawapata. Katika chombo kimoja ambacho sitakitaja nilimwona mgeni akimnyooshea bwana mmoja mweusi glasi tupu, akidhani ni mhudumu, ilhali bwana yule alikuwa amelipia chumba kama yeye. Bwana alisema kwa utulivu, "Mimi pia ni mgeni, lakini nitakuitia anayehusika," kisha akaendelea na mazungumzo na mkewe. Fanyeni hivyo hivyo. Msinyamaze, kwa sababu ukimya utawasumbua usiku kucha, wala msifoke. Na nyinyi abiria wenye nazo, tazameni kabla ya kunyoosha mkono, na msimuulize mtu amepataje pesa za kufika hapo. Hilo hamuulizani nyinyi kwa nyinyi.

Ninyi wawili msisahihishane mbele za watu. Mume akishika kisu vibaya, mke aache. Mke akikosea neno la Kifaransa, mume aendelee kusikiliza. Picha pigeni, lakini msizitume kwenye kundi la ukoo saa hiyo hiyo, maana yumo ndugu ambaye juzi aliomba msaada wa dawa mkamwambia hamna.

Kama hesabu ya fedha za meli imekataa, kodini boti ufukweni Gisenyi asubuhi, mwende Nyamyumba kwenye chemchemi za maji moto, mrudi mchana. Adabu nilizozitaja zinafanya kazi humo pia, na kwa mwenye boti bei hupatanwa kabla ya kupanda.

Neno langu la mwisho ni kwenu wenye meli. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na hapa mpakani kilisemwa sokoni kabla ya sheria hiyo. Andikeni bei yote, pamoja na vinywaji na matembezi, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, muitume kwa mgeni kabla hajalipa. Na anayepokea wageni kwenye gati awasalimie wote kwa maneno yale yale, aliyeshuka kwenye gari la hoteli na aliyeshuka kwenye pikipiki.